Video nzuri, wanafunzi wakafeli: kisa cha San José State, 2013

Januari 15, 2013, gavana wa California, Jerry Brown, alijitokeza mbele ya waandishi wa habari pamoja na Sebastian Thrun wa Udacity, kampuni ya kozi za mtandaoni, na rais wa Chuo Kikuu cha San José State, Mohammad Qayoumi. Walichotangaza kilieleweka kirahisi: kozi tatu za hisabati na takwimu zifundishwe mtandaoni, dola 150 kila moja, na atakayefaulu apate krediti kamili za chuo. Julai mwaka huohuo mpango ulisimamishwa. Novemba, Thrun mwenyewe alikiri kwenye jarida moja la biashara kwamba bidhaa waliyokuwa nayo ilikuwa mbovu.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama anguko la majigambo ya teknolojia. Kwa mtu anayeandaa kozi ya mtandaoni, hapo hapana faida. Faida iko kwenye takwimu: zilihifadhiwa, zikachambuliwa kwa ufadhili wa taasisi ya taifa ya sayansi ya Marekani, na zinaonyesha mafunzo yalikatikia wapi. Tunakifungua hapa kama fundi anavyofungua injini iliyozimika barabarani. Wa kulaumiwa tutamwacha. Tunatafuta mafuta yalikomea wapi.

Waliokaa kwenye kozi

Kozi zilikuwa Math 6L, Math 8 na Stat 95. Ya kwanza ni hisabati ya kurekebisha, kwa waliofika chuo bila msingi wa kutosha. Ya pili ni aljebra ya chuo, ya tatu takwimu za awali. Kila kozi ilipangiwa watu kama 100, nusu wanachuo wa San José na nusu watu wa nje, wakiwamo wanafunzi wa sekondari. Baadhi yao walitoka shule moja ya Oakland yenye vijana wengi wa familia za kipato cha chini.

Tukae kidogo na wale wa Math 6L. Wanachuo waliowekwa humo walikuwa wameshalifeli somo hilo mara moja darasani. Kanuni za mfumo wa vyuo vya CSU (California State University), ambao San José ni sehemu yake, wakati huo zilimtaka mwanafunzi amalize hisabati ya kurekebisha ndani ya mwaka wa kwanza, la sivyo angeweza kuondolewa chuoni. Kwa lugha ya vyuo vyetu, anadisko. Basi huyu ni mtu ambaye hisabati imemshinda, anaogopa, muda unamwishia, na sasa anapewa njia inayodai kuliko zote ajisimamie mwenyewe. Hata kabla ya kurekodi video ya kwanza, uamuzi huo pekee ulikuwa umeshapanga sehemu kubwa ya matokeo.

Muhula ulipoisha, hakuna kozi iliyovuka asilimia 51 ya waliofaulu. Kozi ya takwimu ilifika nusu hivi. Aljebra ilifaulisha takribani robo, na Math 6L chini kidogo ya robo. Madarasa ya kawaida ya takwimu chuoni hapo yalikuwa yakifaulisha kama robo tatu.

Kuna namba moja ambayo haitajwi sana nayo ndiyo inayotufungulia kisa. Wengi hawakujitoa. Zaidi ya wanne kati ya kila watano walibaki kwenye orodha mpaka mwisho. Kwa kawaida kozi za bure za mtandaoni hufa kwa watu kuondoka. Hapa watu walikuwapo, majina yao yalikuwapo, ila kazi haikufika.

Kilichotabiri kufaulu

Ripoti ya watafiti ilitazama mambo mengi: mwanafunzi ni nani, amechukua somo gani, ametumia huduma za msaada kiasi gani. Yote hayo yalizidiwa na jambo moja, juhudi, na kipimo chake kikubwa kilikuwa idadi ya mazoezi aliyowasilisha. Anayewasilisha anafaulu, asiyewasilisha anafeli.

Hapa ndipo wasomaji wengi walipopotea njia. Waliposoma "juhudi" wakaelewa "uvivu", wakafunga faili. Lakini juhudi za mwanafunzi wa mtandaoni ni kitu kinachotengenezwa na kozi. Darasani, mwalimu anapoandika swali ubaoni na kusema "dakika tano", hata mvivu anashika kalamu kwa sababu jirani yake ameshika. Mtandaoni jirani hayupo. Kila dakika ya kazi lazima iwe na kitu kinachoiita: tarehe, mtu, au swali dogo lisilokwepeka. Visipokuwapo, ukosefu wa juhudi ni kasoro ya kozi kabla hujafika kwenye tabia ya mtu.

Tena kulikuwa na mambo ya wazi kabisa. Kozi ikiwa imeshaanza iligundulika kwamba baadhi ya vijana wa Oakland hawakuwa na kompyuta wala intaneti ya kasi nyumbani. Wanafunzi wengine hawakujua hata kama kuna huduma ya msaada, maana taarifa zilipita kwenye barua pepe ambazo hazikusomwa. Walimu nao walikuwa wanajenga kozi huku wanaifundisha. Mwalimu anayehariri video ya wiki ya tano hana macho ya kuona nani hajawasilisha zoezi la wiki ya tatu. Hili la mwisho hupuuzwa sana na waandaaji wa kozi kila mahali, na madhara yake hayaonekani mpaka umeshachelewa: kozi inaonekana inasonga kwa sababu vipindi vipya vinatoka kila Jumatatu.

Video zenyewe hazikuwa tatizo. Udacity walikata mihadhara vipande vya dakika chache na kuweka maswali katikati, na huo ni utaratibu mzuri. Mwaka uliofuata, uchambuzi wa mara milioni 6.9 ambazo video za jukwaa la kozi za mtandaoni la edX zilitazamwa ulionyesha kwamba muda wa kati ambao watu hukaa kwenye video haupiti dakika 6, hata video iwe ndefu vipi. Lakini swali la katikati ya video lina udhaifu wake: mtu anaweza kubofya na kubofya mpaka apate, au aruke akaangalie jibu, na akaondoka akiamini ameelewa. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon wakiongozwa na Kenneth Koedinger walipima kozi ya saikolojia ya mtandaoni na kukuta uhusiano wa kufanya mazoezi na kujifunza ni kama mara sita ya ule wa kutazama video au kusoma. Ukiwa na bajeti ya saa 100 na ukazitumia 80 kwenye kurekodi, umeziweka upande dhaifu.

Chuo kilekile, video nyingine, matokeo mengine

Muhula mmoja kabla ya mpango wa Udacity, San José State ilifanya jaribio tofauti katika somo la saketi za umeme. Video zilitoka chuo cha teknolojia cha MIT, kwenye kozi ya profesa Anant Agarwal ambayo mwaka 2012 ilisajili watu kama 155,000 duniani na kutoa vyeti 7,157 tu. San José wanafunzi walitazama video hizo nyumbani, kisha wakaja darasani kufanya maswali kwa vikundi, mwalimu na wasaidizi wakizunguka kati yao. Waliofaulu walikuwa asilimia 91, wakati darasa la kawaida lilikuwa na asilimia 59.

Tahadhari moja: wanafunzi hawakugawanywa kwa bahati nasibu, kwa hiyo namba hizo mbili zisibebeshwe mzigo usiozifaa. Hata hivyo mpangilio wenyewe unasema kitu. Video iliondoa mhadhara, haikumwondoa mwalimu. Saa ambazo mwalimu alikuwa akiongea ubaoni zilihamishiwa kwenye kutazama mtu anavyokosea. Katika mpango wa Januari, saa hizo hazikuhamishiwa popote.

Majira ya joto ya 2013 kozi zilirudiwa zikiwa na marekebisho: ratiba iliyosukuma zaidi, vidokezo kwenye maswali magumu, wasaidizi zaidi. Kozi ya takwimu ilipanda hadi asilimia 83, aljebra ikapita 70. Watu wakashangilia. Kisha ikaonekana kwamba zaidi ya nusu ya wanafunzi wa safari hii walikuwa tayari na shahada ya kwanza au zaidi. Dawa ilibadilishwa na mgonjwa akabadilishwa siku moja, hivyo huwezi kujua kilichoponya. Math 6L yenyewe ilibaki karibu asilimia 30. Ukiniuliza namba ipi ya kuangalia katika kisa kizima, ni hiyo. Mwenye shahada hujifunza hata kwa kozi mbovu. Kozi hupimwa kwa mtu aliyeshindwa mara ya kwanza.

Tukiipanga upya Math 6L

Chukua wanafunzi 100 walewale, muhula wa wiki 14, na video zilezile. Nini kibadilike?

Kwanza wasianze na hisabati. Waanze na wiki sifuri, ambayo kazi yake ni kuhakikisha njia inapitika mwanzo hadi mwisho. Kila mwanafunzi, kwa kifaa kilekile atakachotumia muhula mzima, anafungua jukwaa, anatazama video ya dakika 3, anajibu maswali 5 ya kujitambulisha, anaandika suluhisho la swali moja jepesi kwenye karatasi, analipiga picha na kulipakia. Anaingia kwenye kipindi cha moja kwa moja kwa dakika 10 kuhakikisha sauti inasikika. Anaacha namba ya simu inayopatikana. Mwisho anafanya jaribio la maswali 20 kuhusu namba hasi, sehemu na mpangilio wa matendo. Wiki ya kwanza haifunguki mpaka haya yakamilike, na ambaye hajamaliza ndani ya siku 5 anapigiwa simu. Vijana wa Oakland wasio na kompyuta wangeonekana siku ya tano, kukiwa bado na muda wa kutafuta maabara, wala si baada ya mtihani wa kwanza. Aliyepata chini ya 8 kati ya 20 haachwi aendelee na wengine: anapewa siku kumi za namba hasi na sehemu kwanza. Ukimpeleka moja kwa moja kwenye milinganyo, kila kosa lake litaonekana la aljebra wakati ni la darasa la sita.

Kisha wiki ya kawaida. Kosa tunalolikuta mara nyingi ni tarehe moja ya kuwasilisha, Jumapili usiku. Mwanafunzi dhaifu anageuka zimamoto: anafungua kozi Jumapili saa 11 jioni, anakutana na video nne na maswali 20, anakwama kwenye la tatu, hana wa kumuuliza, anafunga. Weka tarehe mbili, Jumatano na Jumapili, zote saa 4 usiku. Usitumie saa 6 usiku. Kwanza, hakuna msaidizi anayekuwa macho saa hiyo. Pili, "saa 6 usiku wa Jumapili" kila mtu anaielewa kivyake, kuna anayedhani ni usiku wa kuamkia Jumapili na mwingine wa kuamkia Jumatatu, nawe utatumia asubuhi nzima kuamua ugomvi.

Kazi ya Jumatano ina maswali 8, inasahihishwa na kompyuta, na mawili kati yake ni ya wiki zilizopita. Kazi ya Jumapili ina maswali 6, yanayoandikwa kwa mkono na kupigwa picha, na kwenye moja mwanafunzi anaandika sentensi mbili: mtu angekosea wapi hapa, na kwa nini. Sentensi hizo ni ngumu kudesa kuliko jibu.

Sasa tazama swali moja kwa karibu, maana ubora wa kozi umejificha humu. Chukua mlinganyo huu: 3 − 2(x − 4) = 15.

Jibu sahihi ni −2. Unafungua mabano: 3 − 2x + 8 = 15, unapata 11 − 2x = 15, kisha −2x = 4. Jukwaa la kawaida humpa mwanafunzi alama ya vema au ya kosa, basi. Lakini majibu yasiyo sahihi hapa hayaji ovyo. Atakayeandika −10 amezidisha −2 kwa −4 akapata −8, akaendelea na 3 − 2x − 8 = 15. Hesabu nyingine zote amefanya vizuri. Kimemponza alama tu. Atakayeandika 19 ameanza kwa kutoa 2 kwenye 3, akabaki na 1(x − 4) = 15. Huyo amesahau MAGAZIJUTO: kuzidisha kunatangulia kutoa. Ni watu wawili wenye magonjwa mawili, na kuwaambia wote "si sahihi, jaribu tena" ni kuwapa panadoli bila kuwapima. Kwenye Moodle na majukwaa mengi unaweza kufunga ujumbe kwenye kila jibu bovu unalolitarajia. Kwa −10 andika: "Umefungua mabano vizuri, ila tazama alama: hasi mara hasi inakupa nini?" Kwa 19: "Ile 2 imeshikana na mabano. Zidisha kwanza, ndipo utoe." Jibu usilolitarajia linapokelewa na swali la kumrudisha hatua moja, bila kumwonyesha suluhisho zima. Majaribio yawe mawili, na la pili lije na namba nyingine. Ukiacha majaribio bila kikomo kwa namba zilezile, atabahatisha.

Kuandaa ujumbe wa namna hii huchukua kama dakika 15 kwa swali moja. Kwa maswali 8 ni saa 2. Video ya dakika 6, ukihesabu kuandika, kurekodi na kuhariri, mara nyingi hula zaidi ya hapo. Ndiyo maana tunasema kurekodi kusianze mpaka benki ya maswali ya wiki nne za mwanzo iwe tayari na imejaribiwa na watu watano wasiojua hisabati vizuri. Majibu yao mabaya ndiyo malighafi.

Katikati ya wiki, Alhamisi, kuna kipindi cha moja kwa moja cha dakika 50 kwa kundi la watu 25. Hakina mhadhara. Dakika 8 za kwanza ni swali moja la Jumatano ambalo wengi wamelikosa, kila mtu analifanya kimya. Dakika 30 ni maswali mawili kwa vikundi vya watu wanne, msaidizi akiingia kikundi kimoja baada ya kingine. Dakika 12 za mwisho, vikundi viwili vinaonyesha kazi zao, na kimoja kati yake kiwe kimekosea. Msaidizi akianza kufundisha upya video, kipindi kimekufa. Wiki inayofuata hakuna atakayetazama video kabla ya kuja.

Uzito wa alama nao ni chombo cha kufundishia. Mtihani wa mwisho upewe 40, kazi za kila wiki 35, majaribio mawili ya katikati 20, wiki sifuri 5. Kazi za wiki zikiwa chini ya 20, mwanafunzi anapiga hesabu na kuziruka. Zikivuka nusu, biashara ya kudesa inaanza.

Orodha ya Jumatatu

Haya yote ni bure kama hakuna anayeona mtu anapokatika. Kila msaidizi wa watu 25 anafungua Jumatatu asubuhi jedwali lenye safu nne: jina, kazi zilizofika kati ya zilizotakiwa, mara ya mwisho kuingia, mara ya mwisho kuongea naye. Kilichotoka kwenye ripoti ya San José ni kwamba safu ya pili inasema kuliko zote, kwa hiyo panga orodha kwa hiyo, wa chini kabisa aje juu.

Kazi moja ikikosekana, ujumbe unatoka usiku uleule. Ujumbe wa mashine unaosema "Una kazi ambayo haijawasilishwa" hausomwi na mtu. Umefanana na ujumbe wa kampuni za simu. Andika hivi: "Habari. Zoezi la Jumatano la milinganyo halijafika. Ni maswali 8, dakika 25 hivi. Kesho nipo mtandaoni saa 1 hadi saa 3 usiku. Umekwamia swali la ngapi?" Ujumbe huo umebeba vitu vinne: kazi gani, ukubwa wake, msaada upo lini, na swali linalojibika kwa namba moja. Kazi mbili zikikosekana, piga simu ndani ya saa 48. Tatu, mkutano wa dakika 15 na mpango wa kurudi.

Mpango wa kurudi ndio kozi nyingi hazina kabisa. Mwanafunzi aliyekosa wiki mbili anadaiwa maswali 28, na wiki ya sasa ina 14 mengine. Maji yameshafika shingoni. Hata akiwa na nia, hatafika. Toa mapema, kwa kila wiki, maswali 5 ya msingi yenye alama ya nyota. Anayerudi anafanya hayo tu, anapata hadi robo tatu ya alama za wiki hiyo, na anaungana na wenzake. Walimu wengine huona hii ni kumdekeza mchelewaji. Wana hoja, lakini wakati wa Math 6L njia nyingine ilikuwa mtu kukaa kwenye orodha miezi mitatu bila kuwasilisha chochote, na hiyo haikumfundisha nidhamu yeyote.

Sasa gharama, maana ndipo mpango wa dola 150 ulipobana. Kusahihisha kazi ya mkono ya Jumapili ni dakika 6 kwa karatasi. Kwa watu 25 hiyo ni saa 2 na nusu. Ongeza kipindi cha Alhamisi na maandalizi yake, saa 1 na nusu; saa 2 za kukaa mtandaoni jioni; saa 2 za simu na ujumbe. Msaidizi mmoja anafanya saa 8 kwa wiki, saa 112 kwa muhula. Wasaidizi wanne ni saa 448. Ada ya watu 100 ilikuwa dola 15,000. Ukiimaliza yote kwa wasaidizi unapata kama dola 33 kwa saa, na hujamlipa mwalimu, hujalipia jukwaa, hujasimamia mtihani. Unafuu wa kozi za mtandaoni ulitarajiwa kutoka kwenye wingi wa watu, lakini kundi la watu 100 wanaohitaji kushikwa mkono halina wingi huo. Bei ya chini inawezekana pale tu mtu mwingine anapobeba mshahara wa mwalimu, na ni heri kuliandika hilo kwenye bajeti tangu mwanzo kuliko kuwapunguza wasaidizi kimyakimya.

Ukiuleta mpangilio huu Dar es Salaam au Kisumu

Hesabu ya kwanza ni ya bando. Video ya dakika 6 kwa ubora wa 360p ni kama MB 30. Nne kwa wiki ni MB 120, na wiki 14 zinakaribia GB 1.7. Sauti ya dakika hizohizo kwa kilobiti 32 kwa sekunde ni MB 1.4 hivi, na ukiiambatanisha na kurasa mbili za PDF zenye hatua zilizoandikwa, wiki nzima haipiti MB 10. Kwa hisabati, sauti na kurasa zinafanya kazi vizuri kuliko watu wanavyodhani, ilimradi sauti iseme "tazama mstari wa tatu". Toa vyote viwili, mwanafunzi achague. Kipindi cha Alhamisi kiwe cha sauti, kamera zifungwe, na maswali yawe yameshatumwa kabla ili umeme ukikatika kikundi kiendelee kwa karatasi.

WhatsApp ni nzuri kwa ukumbusho na kwa ujumbe wa msaidizi. Usiifanye mahali pa kuwasilishia. Picha ya kwanza ya suluhisho ikitua kwenye kundi, thelathini zinazofuata zitakuwa na mwandiko tofauti na kosa lilelile. Kazi iende kwenye jukwaa au kwa msaidizi binafsi, na kundi libaki kwa maswali ya "nimekwama hapa" tu.

Ukaguzi wa kwanza wa maana unakuja mwisho wa wiki ya 3. Usiulize wamefaulu wangapi kwenye jaribio. Hesabu kazi zilizowasilishwa kati ya sita zilizotakiwa, kwa kila kundi peke yake: wanaorudia, wa sekondari, wa nje. Wastani wa darasa zima utakudanganya, kwa sababu wenye shahada wataubeba. Kundi lolote ambalo nusu yake haijafikisha kazi nne, lisifunguliwe wiki ya 4. Lirudie wiki ya 2 kwa vipindi vitatu vya moja kwa moja badala ya kimoja, na saa za kurekodi video za wiki hiyo zihamishiwe humo.